Ukuta Wenye Joto

Mimi ni fundi saa. Nina meza ndogo mbele ya duka la dawa. Kutwa nzima nakaa pale, lenzi nimeibana kwenye jicho la kulia. Nafungua saa za watu na kutafuta kilichokwama. Mtu akiniletea saa inayochelewa, simlaumu aliyeivaa. Naifungua kwanza, naitazama, ndipo naongea. Nalisema hili mapema ili mjue kwamba nilichokifanya nyumbani kwangu sikukifanya kwa kukosa akili. Akili nilikuwa nayo. Niliiacha mezani kila jioni.

Tunaishi ghorofa ya tatu. Tuna vyumba viwili, jiko, bafu, na korido nyembamba. Watu wawili wakikutana kwenye korido hiyo, mmoja lazima ageuke ubavu. Mke wangu ni mpishi wa shule. Anatoka alfajiri na kurudi mchana akiwa hoi. Binti yetu yuko darasa la tatu. Anasoma kwa sauti kila anachokiona, hata maandishi ya kwenye sabuni.

Mwaka huu baba yangu alifariki. Mama akabaki peke yake, na macho yake yalikuwa yameanza kupoteza nguvu. Mimi ndiye mtoto mkubwa. Nikamleta kwangu.

"Sitawabana, mwanangu?" aliuliza siku ile ya kwanza, bado amesimama mlangoni.

"Utatubana vipi, Mama? Hapa ni kwako."

Nilisema kwa moyo mmoja. Nakumbuka vizuri.

Alikuja na godoro, nguo zake, redio, kopo la biskuti la kuwekea vitu vidogo, na sanduku la bati la Baba. Ndani ya sanduku mlikuwa na koti la Baba, mashati yake mawili, na mwiko wake wa ujenzi. Tulitafuta mahali pa kuliweka. Chumba cha binti kilikuwa kimejaa kwa vitanda viwili. Mwisho nikakumbuka stoo ya kwenye korido.

Ni stoo ndogo sana. Ndani yake imesimama hita ya maji, pipa jeupe lenye urefu wa kifua cha mtu. Hita hiyo ilikuwa imekufa. Ndivyo tulivyoamini. Mwaka jana maji ya moto yaliacha kutoka bafuni. Fundi wa mwenye nyumba alikuja, akaigonga mara mbili, akafunga koki ya maji ya moto, akasema, "Hii imekwisha. Nitarudi na nyingine." Mpaka leo yuko njiani. Tangu siku ile tukawa tunachemsha maji ya kuoga kwenye jiko la gesi.

Basi nikalisukuma sanduku la Baba ndani ya stoo. Lilikataa kuingia. Nikalisukuma kwa goti. Nikasikia kitu kikilia "ta!" Nikadhani ni bawaba ya mlango. Nikafunga stoo. Kisha nikavuta kabati la nguo kutoka chumbani kwa binti na kulisimamisha mbele ya mlango ule. Nafasi ikapatikana. Nikajiona fundi kweli kweli.

Haikupita wiki, Mama akapata mahali pake. Alichukua kigoda, akakiweka kwenye korido, pembeni ya kabati. Akaegemeza mgongo kwenye ukuta wa stoo.

"Mama, hapo utagongwa na wapitao. Njoo ukae sebuleni," nilimwambia.

"Hapa pana joto," alinijibu.

"Joto la nini?"

"La ukuta. Njoo uguse."

Sikwenda kugusa. Mke wangu alinivuta jikoni na kuninong'oneza. "Sanduku la Baba liko nyuma ya ukuta huo. Mwache. Anamkumbuka mumewe."

Machozi yalinilenga. Tukamwacha. Tulimwonea huruma mama aliyekuwa akituambia kitu cha kweli.

Mwezi ulipoisha, bili zikaja. Bili ya umeme ilikuwa imezidi mara mbili. Tulikuwa tumezoea uniti tisini kwa mwezi. Sasa iliandikwa mia mbili na kumi. Bili ya gesi nayo ilikuwa imepanda. Nilikaa kitandani nikashika tama.

Kesho yake nilikwenda ofisi ya umeme. Kijana wa dirishani alitazama kompyuta yake.

"Mita imesomwa vizuri, mzee. Uniti ndizo hizo. Kwani nyumbani mmeongezeka?"

"Mama yangu amekuja kuishi nasi."

"Basi," alisema, akamwita mwingine.

Neno moja tu, basi. Nililibeba njia nzima. Nilipofika nyumbani, hukumu ilikuwa tayari. Mama alikuwa nyumbani kutwa. Mama aliamka mapema na kuchemsha chai. Mama alisikiliza redio tangu asubuhi. Bili zilipanda alipokuja yeye. Hesabu ilionekana rahisi mno.

"Mama," nilianza, "umeme umekuwa ghali sana. Tupunguze kidogo."

"Tupunguze, mwanangu. Niambie la kufanya."

"Redio isikae imewashwa kutwa. Na hilo birika la umeme, asubuhi unaliwasha mara ngapi?"

"Mara moja. Labda mbili, kukiwa na baridi."

"Basi iwe mara moja."

"Sawa, baba."

Ananiita baba anapotaka tusigombane. Alizima redio mbele yangu. Tangu wiki ya kwanza nilikuwa pia nimemkataza kufungua mlango. "Mjini kuna matapeli," nilimwambia. "Mtu yeyote akigonga na sisi hatupo, kaa kimya. Usimfungulie." Alitii hilo nalo.

Mwezi wa pili bili zikaja vilevile. Mwezi wa tatu zikazidi. Hapo nikapandwa na hasira. Sikupiga kelele. Nilifanya jambo baya kuliko kelele. Nililichukua birika na kuliweka juu ya kabati, mahali ambapo mkono wa Mama haufiki. Kisha nikapanda kwenye kigoda chake na kuichomoa balbu ya korido.

Mama alisimama kando, ameshika ukuta, akiningoja nimalize.

"Sasa nitaonaje njia ya chooni?" aliuliza taratibu.

"Acha mlango wa sebule wazi. Mwanga unafika."

"Sawa."

Jioni ile binti yangu alikuja kukaa karibu nami. "Baba, Bibi anakunywa chai ya baridi," alisema. "Anaweka majani kwenye maji ya bombani, hata jiko la gesi haliwashi. Anasema yanatoa rangi ukisubiri."

Nilimwambia aende akalale. Nilikuwa nimekwisha kata shauri. Nikampigia simu mdogo wangu, anayeishi upande wa pili wa mji katika chumba kimoja na watoto watatu. Nikamwambia zamu yake imefika. Akasema, "Nitakuja kumchukua Jumamosi, kaka. Mama hawezi kukosa pa kulala."

Nilimweleza mke wangu. Alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa. "Ni mama yako," alisema. "Ila siku akiondoka, mimi siwezi kumtazama usoni. Utamsindikiza mwenyewe."

Jumamosi asubuhi Mama alikuwa amevaa viatu, godoro limekunjwa na nguo zimefungwa. Kopo la biskuti alilipakata magotini.

"Na sanduku la baba yenu?" aliuliza. "Nitaliacha?"

"Tutalitoa, Mama. Ngoja mdogo wangu afike, tusogeze kabati pamoja."

Mlango ukagongwa. Nilidhani ni mdogo wangu. Kumbe alikuwa jirani wa ghorofa ya pili, chini yetu. Ni mwanamke fundi umeme. Jengo zima linamwita Dada Tochi, kwa sababu ana tochi ya kuvaa kichwani na haivui hata jua likiwa utosini. Mkononi alishika bakuli la maji.

"Shikamoo, mama," alimsalimu Mama kwanza. Kisha akanigeukia. "Kaka, weka kidole humu."

"Kwani ni nini?"

"Weka kwanza."

Nikaweka. Maji yalikuwa vuguvugu.

"Haya yanadondoka kwenye ukingo wa dirisha langu miezi mitatu sasa," alisema. "Yanatoka kwenye kale kabomba kanakotokeza ukutani kwenu. Mwanzo nilidhani mnafua. Lakini mtu gani anafua mchana na usiku bila kupumzika? Leo nimeyagusa. Nyinyi mna maji ya moto?"

"Hatuna. Hita yetu ilikufa mwaka jana."

Dada Tochi alinitazama kama mtu aliyesikia mzaha usiochekesha. "Bili zenu zikoje?"

Nilicheka kwa uchungu. Nikamletea bili zote, za gesi na za umeme, nane kwa jumla. Alikaa kwenye kiti na kuzipanga mapajani. Alianza na za gesi.

"Umezisoma hizi?"

"Nimesoma cha kulipa."

"Hicho kila mtu anakisoma. Tazama hapa, pembeni ya namba ya mita. Pana herufi. Hii ya zamani ina S. Maana yake mita ilisomwa. Hizi tatu zina M. Maana yake makadirio. Hawakuisoma mita yenu. Wamekisia."

"Wamekisiaje?"

"Wanatazama mlitumia kiasi gani miezi kama hii mwaka jana. Mwaka jana mlikuwa mnafanya nini?"

Mke wangu alitokea jikoni, kitambaa mkononi. "Mwaka jana, kabla ya kazi ya shule, nilikuwa nawapikia mafundi waliokuwa wanajenga jengo la pembeni," alisema. "Watu ishirini kila siku. Gesi iliwaka tangu asubuhi."

"Basi mnalipia chakula cha wale mafundi mara ya pili. Mita iko wapi?"

Ilikuwa chini ya sinki. Miaka mitano nimeishi na mita ile na sijawahi kupiga magoti kuitazama. Dada Tochi aliwasha tochi yake, akasoma namba, akanionyesha. Bili ilisema elfu moja mia nane na tisini. Mita ilisema elfu moja mia saba na mbili. Hata mtoto angeona tofauti.

"Kabla hatujafurahi, tuhakikishe kwamba hapavuji," alisema. "Zimeni jiko lote. Sasa tazameni tarakimu hii ya mwisho, nyekundu. Tusubiri."

Tulisubiri robo saa, sote tumechuchumaa. Tarakimu haikusogea. Kisha akachanganya sabuni na maji, akapaka kwenye maungio ya bomba. Hakuna kiputo kilichotokea.

"Hapavuji. Lakini shikeni hili. Siku mkisikia harufu ya gesi, msiwashe swichi wala kuzima swichi. Msiwashe kiberiti. Fungeni koki, fungueni madirisha, tokeni nje, mpige simu ya dharura mkiwa nje. Gesi simgusii mtu, hata mimi fundi. Ina mafundi wake."

"Sasa kwa nini hawakuja kusoma mita?" nilimuuliza. "Si kazi yao?"

Hapo Mama alikohoa kidogo. Alifungua kopo la biskuti. Chini ya sindano, vifungo na picha ya Baba, alitoa kadi tatu za karatasi ngumu, zimenyooshwa vizuri.

"Hizi zilipitishwa chini ya mlango," alisema. "Mtu aligonga, nikakaa kimya kama ulivyoniambia. Nilikwambia kuna karatasi imekuja. Ukasema, baadaye, Mama. Ya pili nikakwambia. Ukasema, baadaye. Nikaziweka zisipotee."

Binti yangu alizichukua na, kama kawaida yake, akasoma kwa sauti. "Tulifika kusoma mita ya gesi. Hatukufunguliwa mlango. Tafadhali soma mita yako na utume namba kwa simu hii."

Alisoma ya pili. Alikuwa anaanza ya tatu, mke wangu akamshika bega. "Inatosha, mama."

Hakuna aliyenitazama. Heri wangenitazama.

"Tuje kwenye umeme," alisema Dada Tochi. "Huku herufi ni S, imesomwa kweli. Kwa hiyo umeme unakwenda mahali. Chomoeni kila kitu. Friji, pasi, televisheni, vyote. Zimeni taa zote."

Tulizunguka nyumba nzima tukichomoa. Nyumba ikawa kimya. Boksi la mita ya umeme liko nje, juu ya mlango wa mbele. Alilifungua. Ndani palikuwa na kitaa chekundu kinachopepesa.

"Kila kinapopepesa, umeme unatumika," alisema. "Mmezima vyote?"

"Vyote," nilijibu.

Kitaa kilipepesa. Kikapepesa tena, haraka haraka.

Chini ya mita kulikuwa na viswichi sita, kila kimoja kwa upande wake wa nyumba. Alikishusha cha kwanza. Kitaa kikaendelea. Cha pili, cha tatu, cha nne, vilevile. Aliposhusha cha tano, kitaa kikatulia. Alikipandisha, kitaa kikaanza upya.

"Hiki cha tano ni cha nini?"

Nilikisogelea. Karatasi iliyobandikwa chini yake ilikuwa imefifia, lakini neno lilisomeka. Hita.

"Hita iko wapi?" aliuliza.

Mama ndiye aliyejibu. "Nyuma ya ukuta wangu," alisema.

Dada Tochi alikishusha kile kiswichi na kukiacha hapohapo. Mimi na mke wangu tukasogeza kabati. Nilipofungua mlango wa stoo, joto lilinipiga usoni kama nimefungua tanuri. Pipa lilikuwa linalia chini chini, kama sufuria iliyotolewa motoni. Swichi ya hita iko ukutani humo ndani, usawa wa goti. Pembe ya sanduku la Baba ilikuwa imeigandamiza. Taa yake ndogo ilikuwa imezimika sasa hivi tu.

Niliikumbuka ile "ta!"

"Hita haikufa," alisema Dada Tochi, akimulika. "Bomba la kupeleka maji bafuni ndilo lililoziba kwa kutu. Yule fundi wenu hakutazama. Umeme aliuacha umeunganishwa. Wewe ukaja ukaiwasha kwa sanduku. Na hii koki ya usalama imechakaa. Maji ya moto yanavuja nje, ya baridi yanaingia, hita inachemsha upya. Mchana na usiku, miezi mitatu." Aliielekeza tochi kwenye koki. "Lakini ishukuruni hii hii inayovuja. Ingeziba nayo, pipa lingepasuka. Na huyu mama anakaa hapo nyuma."

Niligeuka nikautazama ukuta ambao Mama alikuwa akiuegemea.

"Na redio?" nilimuuliza. Sijui kwa nini niliuliza. Labda nilitaka kitu kidogo cha kunitetea.

"Redio gani?"

"Ya Mama. Na taa. Na birika la asubuhi."

"Redio ya mwezi mzima haifikii hita ya siku moja, kaka. Taa ya korido vivyo hivyo. Birika linakula umeme mwingi, lakini kwa dakika chache tu. Kitu cha kuogopa ni kile kinachochemsha au kupoza, na kinakaa kimewashwa muda mrefu. Huyu mama hakuwa na kitu cha namna hiyo."

Nililivuta sanduku nje. Bati lake lilichoma vidole. Mama alipiga magoti, akalifungua. Koti la Baba lilikuwa juu. Upande mmoja lilikuwa limebadilika rangi, limekauka na kuwa la kahawia. Mama alilikumbatia kifuani.

"Bado lina joto," alisema.

Mke wangu aliingia bafuni na kufunga mlango. Nilimsikia akilia.

Nilipiga magoti mbele ya Mama. "Nisamehe, Mama. Usiende. Nimekukosea."

"Nimekusamehe, mwanangu. Wewe ulikuwa na shida."

"Basi fungua mzigo."

Alitikisa kichwa. "Mdogo wako ameshatoka kwake. Mimi nimeshafunga. Acha niende."

Na alikwenda. Mdogo wangu alifika saa sita, akabeba godoro begani. Mama alishuka ngazi moja moja, koti la Baba limekunjwa kwenye mkono. Sikulala vizuri wiki ile nzima.

Niliyafanya yote aliyoniambia Dada Tochi. Nilimwandikia barua mwenye nyumba, nikabaki na nakala. Akamleta fundi aliyesomea, akaiondoa hita na kuziba mabomba. Nilipiga picha ya mita ya gesi na kwenda nayo ofisini pamoja na zile kadi tatu. Wakaisahihisha bili, na kilichozidi wakakihesabu kwa miezi inayofuata. Nilinunua daftari. Kila Jumapili nilisoma mita zote mbili na kuandika namba.

Mwezi ulipoisha, bili ya umeme ilisema uniti tisini na moja. Niliikunja nikaitia mfukoni, nikaenda moja kwa moja kwa mdogo wangu. Nilimkuta Mama amekaa kwenye ngazi, wajukuu wamemlalia pande zote. Amekonda.

"Mama, bili imeshuka!" nilisema.

Alinitazama kwa utulivu. "Umeona? Kuondoka kwangu kumesaidia."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Hita ilizimwa siku ileile aliyoondoka yeye. Hata jirani angeulizwa, angesema ni Mama. Ile karatasi niliyoibeba kwa furaha ilikuwa inamhukumu upya.

"Si hivyo, Mama. Ni hita."

"Labda hita. Labda mimi. Nani ajuaye?"

Nilifikiri kama ninavyofikiri mezani kwangu. Saa ikitengenezwa, mwenyewe hapewi papo hapo. Naivaa mimi kwanza, naiacha itembee, ndipo najua.

"Rudi nyumbani, Mama," nilimwambia. "Mwezi mmoja tu. Utakunywa chai ya moto, utasikiliza redio, utawasha taa. Tutasoma mita ukiwepo. Kama ni wewe, mita itasema. Kama si wewe, itasema pia."

Alimpapasa mjukuu kichwani. "Haya," alisema. "Mwezi mmoja."

Alirudi. Birika nilikuwa nimelishusha. Balbu ya korido nilikuwa nimeirudisha. Lakini mkono wa Mama ulikuwa umejifunza kuogopa swichi. Ilibidi nimbembeleze kama mtoto anayekataa dawa. "Washa redio, Mama, tafadhali. Usipoiwasha, kipimo hakitakuwa cha kweli." Aliwasha. Kila Jumapili binti yangu alipanda kwenye kiti na kusoma namba kwa sauti, nami nikaandika. Mama alisikiliza na kuzihifadhi kichwani. Juma la tatu nilikosea tarakimu moja, naye akanisahihisha.

Bili ikaja siku ya kazi, jioni. Tulikuwa wote mezani. Nilimpa binti aisome.

"Uniti tisini na sita," alisoma. "Herufi ni S."

"Tisini na sita," Mama alirudia. "Pamoja na redio?"

"Pamoja na redio, Mama. Na birika mara mbili asubuhi."

Aliikunja mikono mapajani. "Kwa hiyo sikuwa mimi."

"Hukuwa wewe. Nilikuwa mimi."

Nilidhani atatabasamu. Mke wangu naye alisubiri. Mama aliinuka taratibu, akachukua kigoda, akaenda kwenye korido. Alikaa mahali pake pa zamani na kuegemeza mgongo. Kisha aligeuka, akauweka mkono wake wote ukutani, akauacha hapo.

"Umepoa," alisema.

"Ndiyo, Mama. Hita imeondolewa."

"Nilijua si baba yenu. Mimi si mwehu. Lakini palikuwa na joto."

Giza lilikuwa limeanza kuingia kwenye korido. Swichi ilikuwa karibu na bega lake. Hakuigusa. Niliiwasha mimi.

"Zima, mwanangu," alisema. "Naona."

Haoni. Nilikaa chini sakafuni kando yake, mgongo wangu kwenye ukuta ule wa baridi, na taa nikaiacha ikiwaka.